Magego ya Bibi

Mtama wa wenye meno hutwangwa mara mbili. Mtama wa vibogoyo hutwangwa mara tatu, na hiyo mara ya tatu ndiyo iliyonila ujana wangu.

Msinicheke. Nyie mnaonunua unga dukani hamjui nisemalo. Mara ya kwanza unakoboa, ganda litoke. Unapeta kwa ungo, unarudisha kinuni, unatwanga mpaka upate unga. Mwenye meno hukomea hapo, akasonga sima yake, akala, akashiba. Kwa kibogoyo bado. Unachekecha, kisha zile chenga zinazobaki juu ya chekeche unazirudisha kinuni mara nyingine mpaka ziwe laini kama majivu. Maana chenga moja ikimkwaruza mzee ufizi, utaisikia hiyo chenga mpaka magharibi. "Wataka kuniua, wee mtoto? Sema kama wataka kuniua!"

Nyumbani kwetu vibogoyo walikuwa watano. Mwenye meno alikuwa mmoja, na huyo ni mimi.

Shamba letu lilikuwa nyuma ya Malindi, mwendo wa saa moja kwa mguu. Hiyo ni miaka ya baada ya watumwa kupewa uhuru wao, kabla ya vita vya Mjarumani. Nilipokuwa mdogo shamba lilijaa watu, na wajakazi wanne walitwanga kwa zamu huku wakiimba. Uhuru ulipotangazwa walikwenda zao. Leo nasema heri yao, lakini wakati ule niliwalaani. Wengine walikwenda Mombasa, wengine mashamba ya Wazungu kule mto Sabaki, wengine wakapanda Rabai. Walioondoka ni wenye miguu. Wasio na miguu walibaki, na wote walibaki kwangu.

Walibaki mzee aliyekuwa mtumwa wa Babu, pamoja na mkewe, ambaye nilimwita Mama Mzee. Waliambiwa ni huru, wakajibu vyema, wakaketi palepale walipokuwa wameketi, kwa kuwa mgongo hausikii habari za uhuru. Waongeze hao kwa Babu, mzaa baba yangu, ambaye macho yalikuwa yamekwisha. Na dada yake Babu, aliyepooza mkono na mguu. Na Bibi, ambaye ndiye wa hadithi hii.

Mama yangu alikufa mimi sijaota meno ya pili. Baba alikwenda Lamu safari ya siku kumi, akaoa huko, na safari yenyewe haijaisha mpaka leo. Binamu zangu walifuata kazi bandarini Mombasa. Walikuwa wakituletea salamu nyingi sana. Salamu hazitwangwi.

Sasa sikilizeni jinsi umaskini unavyoingia nyumbani bila kubisha hodi. Zamani mtama wetu ulifika mpaka kwenye mpaka wa jirani. Mikono ilipokuwa miwili tu, yaani hii yangu, ulilimwa pale ilipofika. Na mkono ulioshika mchi haushiki jembe. Kila nilivyotwanga zaidi ndivyo nilivyolima kidogo, na kila nilivyolima kidogo ndivyo chungu kilivyopungua. Kilipopungua, aliyepungukiwa si Babu wala Bibi, kwa sababu wakubwa hula kwanza. Unga laini wao, chenga zangu. Na siku chenga zilipokuwa haba nilikula wishwa, chakula cha kuku. Nilivaa kanga moja miaka miwili, nikiifua nakaa ndani mpaka ikauke.

Wala si mimi peke yangu. Asubuhi kisimani tulikutana wasichana watatu, wanne, kutoka mashamba ya karibu, kila mmoja na wazee wake nyumbani. Tulikuwa tukiulizana, "Wako wangapi?" kama watu wenye mbuzi. "Wangu sita." "Wangu wanne, na mmoja haamki." Jirani yetu Mgiriama, mama aliyekuja kulima upande wa shamba ulioachwa, alitusikia akashika kiuno akacheka. "Mie kwangu wazee wawili na watoto tisa," akasema. "Nyie mwaishije hivi, mtoto mmoja abebe wazee watano?" Tulimwonea hasira. Baadaye nilikuwa nikiwahesabu wazee wangu kila nilipoinua mchi: watano, watano, watano.

Kuna jambo la adabu lazima nilieleze, maana bila hilo hamtanielewa. Mtoto aliyelelewa hamtazami mkubwa akila. Unaweka sinia, unamnawisha mikono, unageuka. Ukimtazama mdomoni umemvunjia heshima kama uliyemchungulia chumbani. Kwa hiyo kwa miaka yote ile sikuona ndani ya kinywa cha Bibi. Niliona pengo la mbele, juu na chini, kwa kuwa alikuwa mcheshi na akicheka lilionekana. Nikatia akilini kwamba huko nyuma nako ni vivyo hivyo. Nani angedhani vingine?

Na kuna neno lenyewe, Bibi. Mama Mzee alimwita Bibi kwa kuwa ndiye aliyekuwa bibi yake, aliyemmiliki. Mimi nilimwita Bibi kwa kuwa ni mama wa baba yangu. Neno ni moja. Babu alipopaza sauti, "Bibi anaita!" tuliinuka sote wawili, yule mwanamke mwenye mgongo uliopinda na mimi, na hakuna aliyewahi kutuambia ni nani hasa aliyeitwa. Sikulipima neno hilo wakati ule. Nilikuwa na miaka kumi na sita au saba na nilidhani mimi ni mtoto wa nyumba.

Mwaka huo ukingo wa kisima ulibomoka, na Babu akaita fundi mwashi kutoka Mambrui. Alikuja kijana mwenye chokaa mpaka viwikoni na maneno machache. Siku ya tatu alikuja jikoni kuomba maji, akanikuta katika mara ya tatu ya kutwanga. Akasimama, akatazama kinuni, akatazama jua.

"Mtama huu umekosa nini," akauliza, "hata upigwe hivi?"

Nilicheka mpaka nikaketi chini. Sijui mara ya mwisho nilikuwa nimecheka lini. Akauchukua mchi mkononi mwangu akatwanga mwenyewe, mwanamume mzima, na Mama Mzee akapiga vigelegele vya kumfanyia mzaha. Tangu siku hiyo ule ukingo wa kisima ukawa kazi ngumu ajabu, haukwisha. Siku moja akaniambia kwamba Mombasa wanajenga sana na waashi wanatakikana. "Nikipata mke nakwenda naye," akasema. "Chumba kimoja, watu wawili, mtama mara mbili basi." Jamani, sijatongozwa vizuri hivyo tena maishani mwangu. Nilimpenda, na sioni haya kusema.

Akamtuma shangazi yake kuleta posa. Shangazi alikuja na sinia lililofunikwa, pamoja na mafungu ya miwa minene ya Mambrui. Kwetu ilikuwa hivi: kitu cha posa hakiguswi mpaka wakubwa watoe jibu. Ukikila, umekubali. Basi miwa ikasimamishwa ukutani, na shangazi akaniita, akaishika mikono yangu, akaigeuza viganja juu. Vilikuwa na sugu za manjano.

"Hii ni mikono ya mtoto wa nyumba," akauliza, "au ya mjakazi?"

"Ni mikono ya mtoto anayejua kazi," Bibi akajibu upesi, akaivuta kanga yangu inifunike.

Babu akasema maneno matamu. Hatukatai, kheri haikataliwi, kijana tumempenda. Lakini tungoje mavuno, maana huyu akienda sasa nani atavuna? Miwa ikarudi Mambrui. Tukavuna. Shangazi akarudi na miwa mingine. Babu akasema hatukatai, lakini tungoje mfungo upite, nani atawapikia wazee uji wa futari? Fundi akangoja. Alikuwa amekwisha maliza kisima chetu na visima vya jirani wote, na bado akangoja.

Baada ya Idi shangazi alikuja na miwa yake mara ya tatu, na mara hii uso wake haukuwa na mchezo. Alisema kijana amepata nafasi Mombasa na ataondoka Ijumaa, akiwa na mke au bila mke. Babu akaomba aketi mpaka asubuhi, wakubwa washauriane, apewe neno la mwisho. Akalala kwetu. Na mimi kwa mara ya kwanza nilisikia sauti ya Babu ikilegea, nikajua kesho watakubali, kwa sababu waliona aibu kukataa mara tatu.

Asubuhi shangazi ameketi mkekani, anakunywa uji wangu. Babu akatoka chumbani kwenda kunawa, miguu mitupu. Mara akasimama. Akakanyaga, akakanyaga tena, akainama, akaokota kitu, akakinusa.

"Makapi ya muwa," akasema.

Tukatazama. Yalikuwa pale kando ya mlango, yametafunwa yakatafunwa mpaka yamekauka, na maganda yake pembeni. Muwa mmoja ulikuwa umetoweka ukutani.

"Nani amekula cha posa?"

Nikasema, "Wallahi Babu, si mimi."

"Si wewe? Basi ni nani? Hebu nitajie, humu ndani nani mwenye meno?"

Hilo ndilo swali. Babu hana jino. Dada yake hana. Yule mzee na Mama Mzee hawana. Bibi hana, dunia nzima yajua hana. Mimi mwenyewe nilijitafuta kinywani kwa ulimi kama kuna utamu, nikidhani labda nimeamka usingizini nikaula bila kujua. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mjinga.

"Mtoto amejioza mwenyewe!" Babu akapiga kelele. "Wakubwa hatujasema, yeye amekwisha kula! Loo, aibu gani hii!" Alipokuwa akisema hivyo nilimgeukia Bibi anitetee, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akinitetea sikuzote. Bibi alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga, macho chini. Nilidhani ameona haya kwa ajili yangu.

Shangazi akaweka bakuli. Akasema mpwa wake anataka mke, hataki mtoto mlafi asiyeweza kungoja jua lichomoze. Akaenda zake, wala hakuchukua miwa iliyobaki.

Ijumaa yule mama wa Kigiriama akaja kwa siri na ujumbe wa fundi. Fundi amesema: mwambie kama aliula ule muwa, sina neno, hata ungekuwa mzigo mzima. Nitamngoja penye njia panda mpaka adhuhuri. Nikauacha mchi ndani ya kinu. Nilifika kisimani, penye ule ukingo wake mpya, nikamsikia Mama Mzee nyuma yangu akiita kwa sauti yake nyembamba, "Bibi anaita! Bibi anaita!" Miguu ikarudi yenyewe. Niliitwa kwa sababu uji ulikuwa umepoa. Nilipomaliza kuupasha moto, jua lilikuwa limepita kichwani.

Alioa Mombasa. Niliambiwa mkewe ni mnene.

Bibi alikufa mwaka wa tatu baada ya hapo, wakati wa masika. Mwosha alitoka mjini, lakini alikuwa na jeraha mkononi, akaniomba nimsaidie. Mama Mzee alikuwa akimimina maji. Mwosha akanifunga kitambaa kidoleni akanifundisha: mpitishie kwenye meno taratibu, kama anayetia udhu.

"Hana meno," nikasema.

"Pitisha hivyo hivyo, ni sunna."

Nikapitisha. Mbele ufizi mtupu. Nikaenda nyuma, na kidole kikagonga. Nikadhani nimekosea. Nikarudia. Kushoto mawili, kulia matatu, na chini vilevile. Magego mazima, magumu, yamekaa kama mawe ya kisima kile. Nilisimama na kidole changu kinywani mwa bibi yangu nikashindwa kukitoa.

Nikainua macho. Mama Mzee alikuwa akinitazama, na maji yakimwagika chini.

"Ulijua?" nikamwuliza, mwosha alipotoka kufuata sanda.

"Nilijua. Yale maganda ya muwa yalichongwa kwa kisu. Wewe mwenye meno ya mbele ungemenya kwa meno."

Kumbe! Kweli yalichongwa. Yalikuwa mapana, yamenyooka, mtoto mdogo angetambua, na hakuna aliyetazama, hata mimi niliyeuawa nayo.

"Mbona hukusema?"

"Ningesema kwa ulimi gani? Tangu nilipoletwa hapa namwita Bibi." Akaweka kata chini. Kisha akasema lililobaki, na kwa hilo namheshimu. "Na ningesema, ungekwenda. Sisi je?"

Nilishikwa na hasira ya kutaka kuipiga maiti. Mungu anisamehe, nasema lililokuwa. Si kwa ajili ya muwa. Ni kwa ajili ya kila asubuhi, kila mara ya tatu, na zile chenga nilizokula mimi ili yeye ale unga, naye akiwa na magego ya kuvunja mfupa. Mama Mzee akanishika mkono. "Mwosha huoshwa, mwanangu," akasema. "Mfunge mdomo, watu wanangoja." Nikamfunga.

Niliolewa baadaye na mgane mmoja, mtu mwema, aliyekuwa na mama yake na mama wa marehemu mkewe. Wote vibogoyo. Nikatwanga.

Sasa mimi ndiye mzee. Meno ya mbele yalitoka zamani. Miaka miwili iliyopita gego moja liliniuma vibaya, na mjukuu wangu, ambaye ndiye pekee aliyebaki nami, akaanza kunilainishia chakula. Gego likapoa. Nikasema nitamwambia kesho. Kesho yake alikuja na bakuli, unga laini, amejifuta jasho, akaketi kando yangu kunipepea. Sikumwambia. Na nilipoambiwa mjini kuna mashine ya kusaga, nilisema unga wa mashine una chembe, hunikwaruza. Hayo maneno niliyasema mimi, kwa kinywa hiki. Ndipo nilipojua Bibi naye alianzaje. Hakukaa akapanga. Liliuma jino moja, likapoa, na utamu wa kuangaliwa ukabaki.

Mwezi uliopita mjukuu wangu alipata barua, ameitwa kazi hospitalini Kilifi. Aliisoma penye kinu, akaikunja ndogo, akaitia ukosini.

"Wasemaje?" nikamwuliza.

"Wataka niende wiki hii, Bibi. Nitawaandikia wangoje."

"Wangoje nini?"

"Mavuno," akasema, akainua mchi.

Nikaitazama mikono yake. Nikafikiri: huyu ndiye atakayeniosha. Atafungwa kitambaa kidoleni, ataambiwa pitisha. Katika pindo la kanga yangu nilikuwa na punje za mahindi makavu ya kukaanga, ambazo mimi huzila kwa siri yeye akienda kisimani. Nikafungua pindo mbele yake. Nikatia punje mdomoni, nikaziuma kwa nguvu zangu zote. Zililia mle ndani kama mtu anayekanyaga vigae.

Mchi ukasimama hewani.

"Tangu lini, Bibi?"

"Tangu siku zote."

Alinitazama, kisha akatazama viganja vyake, kimoja baada ya kingine. Nilidhani atalia, au atacheka, au atanishukuru kwa kuwa nimemfungulia mlango nisiofunguliwa mimi. Nilikuwa hata nimeandaa maneno ya kumjibu. Akaulaza mchi chini polepole, akaingia ndani, akafunga nguo zake. Alipita mbele yangu na furushi lake bila kuniaga.

Mtama ulibaki kinuni, umetwangwa nusu. Niliumalizia mwenyewe, kwa kuketi, na ulinichukua mpaka adhuhuri.